Masika ya Kufunguliwa Fimbo

Mpwapwa, Jumatatu 11 Januari 1909

Naanza kuandika kwa sababu Ruthu, mke wangu, amechoka kunisikiliza. Jana aliniambia, "Baba Dorkasi, ukitoka uwanjani usiniletee tena habari za nani kakinga na nani kakosa. Kalamu unayo, karatasi unazo, ziambie hizo." Basi naziambia.

Mimi ni Sila, mwana wa Ndahani, Mgogo wa hapahapa, seremala wa misheni. Natengeneza milango, madawati na majeneza. Hiyo ni kazi ya mikono. Ya moyo ni fimbo. Huu ni mwaka wa tatu najifunza kirumbizi, ngoma ya kupigana kwa fimbo, kwa Mwalimu Bashiri, mtu wa Mrima aliyekuja huku na misafara akiwa kijana, mlinzi wa mizigo, akaoa hapa na pwani hakurudi tena. Uwanja wake uko nyuma ya nyumba, umezungushiwa ua wa miiba. Tunaingia duarani wawili wawili, ngoma ya chapuo na zumari zikilia. Ukiguswa bega au kichwa umetoka. Ndiyo hivyo tu, na mtu anaweza kuumaliza ujana wake hapo.

Fimbo ya mwanafunzi imefungwa uzi mweusi kwenye mshiko. Mwalimu akiridhika nawe, anaufungua siku ya Maulidi mbele ya watu, na tangu hapo unaweza kucheza mji wowote na kufundisha kwa jina lake. Fimbo yangu bado ina uzi. Sababu haihitaji kutafutwa: nina hasira za karibu. Na sheria ya uwanja ni kwamba ukikasirika ndani ya duara, fimbo chini, urudi kwenye safu ya wanaoanza mpaka Maulidi nyingine. Maulidi mbili zimenipita hivyo, zote mbili kwa sababu ya mtu mmoja.

Jumatano 13 Januari

Mtu huyo ni Yahaya, Mnyamwezi, muuza asali. Mrefu, mkavu, na miguu yake haikanyagi, inapapasa. Uzi wake ulifunguliwa zamani. Mkono wake nauweza. Ulimi wake ndio sijauweza.

Sisi Wagogo na Wanyamwezi ni watani. Mababu zao walipita hapa na mizigo kwenda pwani, mababu zetu wakawatoza hongo ya maji, na ugomvi ule umeota ndevu ukawa utani. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya kuku wako, kukaa juu ya kigoda chako, nawe huna ruhusa ya kununa. Watu wote wanalijua hilo. Lakini mimi nimelelewa misheni tangu utoto, na kule matusi ni matusi. Yahaya akiingia duarani anaanza: "Mgogo, leo maji unauza bei gani? Babu yangu alimpa babu yako doti nzima ya kaniki kwa kibuyu cha matope." Watu wanacheka, masikio yangu yanapata moto, naanza kupiga kwa nguvu, naguswa bega. Kila mara.

Leo vilevile. Nimeguswa mara nyingi mpaka nimeacha kuhesabu.

Alhamisi 14 Januari

Mvua. Hakuna fimbo. Nimeranda mbao za mlango.

Ijumaa 15 Januari

Mvua. Nimeutia mlango bawaba. Miguu inawasha.

Jumapili 17 Januari

Baada ya ibada nilivuka korongo kwenda kwa Baba. Yeye hakuingia misheni wala hataki. Anakaa kwenye tembe lake na ng'ombe wake, na kikohozi chake. Kikohozi cha Baba kinajulikana mji mzima: kho, kho, kisha anavuta pumzi, kisha "hmm," kama mtu aliyekubaliana na jambo. Ukikisikia huna haja ya kuuliza nani anakuja.

Ujanani Baba alipigana kwa fimbo na ngao, mapigano ya kweli ya kugombea ng'ombe, na kovu analo kwenye utosi. Fimbo yetu ya ngoma anaiona kichekesho, lakini kila Jumamosi anajikongoja kuja kukaa kando ya ua kunitazama. Jana Jumamosi alinitazama wee, kisha akasema lile neno lake, "Unapura uwele, mwanangu."

Maana yake nanyanyua fimbo juu na kuishusha moja kwa moja, kama mpuraji aliyesimama mbele ya masuke. Ni kweli. Sisi tumezaliwa na fimbo ya kupura mkononi, na mkono umezoea. Uwele haukingi na wala haukwepi. Nikikasirika nasahau yote niliyofundishwa nabaki mpuraji.

Ijumaa 22 Januari

Leo Mwalimu Bashiri katuita baada ya sala yao ya Ijumaa. Nilimwambia shikamoo, akaitika marahaba, akatuketisha chini, nikajua kuna neno.

Amesema, "Wanangu, misafara imekwisha. Mnaona wenyewe, zamani hapa mtu hakupata pa kulaza punda. Sasa reli inakuja na inapita Gulwe, Mpwapwa inaachwa kando. Mke wangu anataka tukapike chakula cha wafanyakazi wa reli. Tukishasoma Maulidi, nahama."

Nikauliza, "Na uwanja, Mwalimu?"

"Uwanja ni ardhi, haubebeki. Atabaki nao atakayekuwa amefunguliwa na ana moyo wa kufundisha. Yahaya hana, yeye kesho yuko kwenye mizinga, kesho kutwa hayupo." Kisha akanitazama mimi. "Sila, wewe moyo unao. Kilichobaki unakijua. Siku ya Maulidi utaingia na Yahaya. Usipofunguliwa siku hiyo, mimi sitakuwapo tena kukufungua, na mtu mwingine hawezi kukufungua kwa jina langu."

Yahaya akapiga makofi. "Mwalimu, huyu mwachie uzi wake. Akafungie mbuzi."

Nikanyamaza. Nilijisifu njia nzima kwamba nilinyamaza. Ruthu akasema kununa si kunyamaza.

Jumatatu 25 Januari

Mvua. Hakuna fimbo.

Jumamosi 30 Januari

Jua. Uwanja umekauka kiasi cha kuteleza vizuri. Mwalimu kanichezesha miguu peke yake asubuhi nzima, fimbo kaninyang'anya. "Mgogo, kinga kwa magoti," anasema. Nilimuuliza magoti yanakingaje. Akanirudishia fimbo akanionyesha: kila nilipomjia alikuwa ameshaondoka pale nilipompiga. Mzee wa umri ule. Nimerudi nyumbani mapaja yanatetemeka na moyo mweupe. Sijui kama kuna mtu mjini aliyekula ugali wake kwa furaha kuliko mimi leo.

Jumatano 3 Februari

Msimu wa njaa umeingia. Mlenda, na baada ya mlenda, mlenda. Yahaya kaleta kibuyu cha asali nyumbani kwangu bila kuombwa, kampa Ruthu, kisha akaondoka na jogoo wangu chini ya kwapa. Nilitoka nikamwita. Kasema, "Mtani haibi, anachukua." Ruthu alikuwa amejishika mbavu kwa kicheko. Nikamwambia yule jogoo alikuwa wa mbegu. Kasema asali ni nyingi kuliko jogoo. Ni kweli, lakini hilo silo.

Jumamosi 6 Februari

Jambo la ajabu leo. Nimefika uwanjani nikamkuta Baba na Yahaya wamekaa pamoja kando ya ua, wanatukanana. Baba anamwita "mtumwa wangu," Yahaya anamwita "mwizi wa maji." Baba anasema Wanyamwezi wana utosi wa bapa kwa ajili ya mizigo, anataka kuugusa ahakikishe. Yahaya akainamisha kichwa aguswe. Baba alicheka mpaka kikohozi kikamshika, kho, kho, na Yahaya akamshika mgongo mpaka kikatulia. "Hmm," akasema Baba.

Nilisimama pale na fimbo yangu kama mgeni. Baba hajawahi kucheka hivyo nami. Nilipata wivu, naandika kama ulivyokuwa.

Jumanne 9 Februari

Nimekinga mapigo ya Yahaya duru nzima. Hakuniambia neno, alikuwa na jipu kwenye fizi. Mwalimu kacheka: "Fizi zikipona tutaona."

Jumapili 14 Februari

Mzee mmoja wa kanisa kaniuliza kama si aibu Mkristo kucheza siku ya Maulidi. Nikamwambia Mwalimu Bashiri hunifundisha fimbo, hanifundishi dini, na kwamba ruhusa ya ngoma imetoka bomani. Akasema ruhusa ya boma si ruhusa ya Mungu. Nikamwomba basi anionyeshe mahali Mungu alipokataza kukinga. Ruthu alinivuta shati. Nilikuwa nimekasirika, ndiyo, lakini nje ya duara.

Jumatano 17 Februari

Mvua kubwa. Korongo limejaa, hapavukiki. Sijamwona Baba tangu Jumamosi ile ya matusi, na Jumamosi iliyopita hakuja uwanjani.

Ijumaa 19 Februari

Korongo limeshuka, nimevuka maji yakiwa kiunoni. Baba amelala, homa, kikohozi hakimpi nafasi ya "hmm." Ndugu yangu mdogo Gideoni yuko naye na ng'ombe wanatunzwa. Nilimpelekea asali ya Yahaya katika maji ya moto. Akauliza asali ya nani. Nikamwambia. Akasema, "Mwambie asali yake ina nyuki." Ndilo neno la kwanza alilosema siku hiyo, kasema Gideoni.

Jumatatu 22 Februari

Nimempa Yahaya salamu ile. Akasema, "Mwambie nyuki hao ni wanangu, wanamsalimu." Nikavuka tena korongo kumpelekea Baba jibu. Mimi, mtu mzima mwenye mke na mtoto, nimekuwa tarishi wa matusi. Baba alitabasamu.

Jumamosi 27 Februari

Fimbo asubuhi, Baba mchana. Mwalimu anasema mkono wangu umelegea, na kwa fimbo kulegea ni sifa. Sijui umelegea kwa uchovu au kwa kuwa nafikiri mambo mengine. Nilimgusa Yahaya bega mara moja. Mara moja tu, lakini bega lilikuwa la Yahaya.

Jumatano 3 Machi

Mvua. Baba hali chakula.

Ijumaa 5 Machi

Baba amefariki jana alfajiri.

Jumapili 7 Machi

Nimekaa na kalamu tangu kurudi kanisani. Niandike yote, maana nisipoandika nitaanza kujisafisha.

Baba alikufa mzee, ameshiba siku zake, na hakuna aliyelia kwa kushangaa. Tulimzika siku ileile kwa desturi ya kwao, kandokando ya zizi, amefungwa ngozi ya dume lake mwenyewe. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Walikuja majirani, walikuja watu wa misheni kwa heshima yangu, wakasimama upande wakiwa na nguo zao nyeupe, na Mwalimu Bashiri akaja na vijana wa uwanjani. Tuliposhusha majembe, kaburi likiwa tayari, tukageuka kumchukua marehemu. Tuliporudi na mwili, Yahaya alikuwa ndani ya kaburi.

Amelala chali, mikono kifuani. Akasema, "Nafasi hii nimeshaiwahi. Mwizi wa maji atafute pengine." Wazee wa Kigogo wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka, na mmoja wao akaleta kuku, maana mtani hatoki kaburini mpaka apewe kitu. Hilo nalijua. Nilikwisha kuliona kwenye misiba ya watu wengine na nikacheka. Hapo nilijikaza. Nikatazama watu wa misheni, nikaona wanatazama chini, na ile aibu yao ikanipanda mimi.

Yahaya akatoka, kuku mkononi. Lakini hakuishia hapo. Alikwenda kwenye mlango wa tembe, akachukua ngozi ya mbuzi ya Baba, ile aliyoivaa siku zote, akajifunika, akachukua na mkongojo wake. Akaja akijikongoja, bega la kushoto limeshuka, vilevile kabisa. Akasimama mbele yangu. Kho, kho. Akavuta pumzi. "Hmm."

Sauti ilikuwa ya Baba. Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimekwisha kujiambia sitaisikia tena, na sasa iko mbele yangu, na ni mchezo. Fimbo yangu nilikuwa nayo, huwa natembea nayo. Nikainyanyua juu, juu kabisa, na kuishusha.

Nilimpiga bega. Sauti yake niliisikia. Yahaya, ambaye kwa miaka mitatu sijawahi kumpata kwa pigo la juu hata moja, na mkongojo alikuwa nao mkononi, hakukinga. Alisimama tu. Kisha akavua ile ngozi polepole, akaikunja, akampa Gideoni, akaenda kukaa na watu wengine. Kuku kamwachia aende zake.

Watu walikaa kimya. Si kwamba kumpiga mtu msibani ni jambo kubwa sana. Watu hupigana misibani. Lakini kumpiga mtani kwa utani wake, na msibani ambako ndiko kazi yake iliko, hilo hata wazee hawakukumbuka kuliona. Mzee mmoja wa ukoo alisema kwa sauti ya chini, kwa Kigogo, kwamba marehemu amezikwa bila mtani. Tukamzika. Hakuna aliyecheka tena, na mazishi yalikuwa mazito na yenye baridi, na niliona wazi kwamba mimi ndiye niliyeyafanya hivyo. Baba aliyeyapenda matusi kuliko tumbaku, nimemzika katika ukimya.

Jumatatu 8 Machi

Sikwenda uwanjani. Sithubutu.

Jumatano 10 Machi

Ruthu kaniambia, "Hasira hasara, na hii ni hasara ya mbuzi. Kila mtu anajua aliyenuna kwa mtani analipa. Unangoja nini?"

Nikamwambia naogopa Yahaya atakataa.

"Basi atakataa akiwa na mbuzi mlangoni. Nenda."

Alhamisi 11 Machi

Nimekwenda. Nilimchukua beberu mweusi wa zizi la Baba, Gideoni aliridhia, nikamburuta mpaka kwa Yahaya mvua ikitunyeshea sote wawili. Nilimkuta anachonga mzinga kwa mkono mmoja. Bega lilikuwa limevimba.

Nilisema niliyoyaandaa: kwamba nimekosa, kwamba nimeleta mbuzi kwa desturi. Alimtazama beberu. Nilingoja aseme beberu kakonda, au ni mzee, au ananuka Kigogo. Akasema, "Asante, ndugu yangu. Nimepokea."

Ndugu yangu. Hakunitusi. Nilitamani anitusi.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukukinga? Pigo lenyewe la mpura uwele, hata mtoto angelikinga."

Akaendelea kuchonga. "Nilikuwa nimevaa ngozi ya mzee. Wewe ulikuwa hunipigi mimi, ulikuwa unalia. Mtu anayelia hakingwi." Kisha akasema, "Mimi nilimpenda yule mzee, Sila. Sina baba hapa mjini. Utani ndio mlango nilioingilia kwenu. Sasa nakohoa, nafikiri nakufanyia wema, nakupigia hodi kwa sauti yake, kumbe nakuumiza. Sitarudia."

Nilirudi nyumbani nimelowa chapachapa. Nilimweleza Ruthu yote, na kwa mara ya kwanza tangu Baba afe nililia, na Ruthu akanipa Dorkasi nimpakate.

Jumamosi 13 Machi

Uwanjani. Mwalimu Bashiri alikuwa anaipaka fimbo mafuta ya ufuta, hakuinua macho.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sheria unaijua."

Nikasema naijua. Nikaenda kusimama kwenye safu ya wanaoanza. Hivyo ndivyo ilivyokwisha, nikajiambia, na hata mwezi haujabaki kufika Maulidi. Ndipo Yahaya akasimama, bega lake limefungwa kitambaa.

"Mwalimu, kwa heshima yako. Sheria inasema ndani ya duara. Huyu alinipigia kando ya zizi."

"Alipiga kwa hasira na kwa fimbo yangu."

"Alipiga mtani. Hayo ni ya Mgogo na Mnyamwezi, ninyi watu wa Mrima hayawahusu. Mbuzi nimeshalipwa. Tena nimeshamla."

Mwalimu alimtazama, akanitazama. Aliendelea kupaka mafuta muda mrefu. "Ingia na Yahaya siku ya Maulidi kama nilivyosema," akasema mwishowe. "Lakini uzi huo hauna tena mtu wa kuuombea."

Jumatatu 15 Machi mpaka Ijumaa 19

Mvua kila siku. Nimefanya mazoezi ya miguu karakanani, kati ya majeneza mawili. Kazi imeharibika kidogo, furaha imerudi kidogo.

Jumatano 24 Machi

Mahindi mabichi ya kwanza. Ruthu kayachoma. Nilimpelekea Yahaya manne, akashukuru kwa adabu. Adabu yake inanimaliza.

Jumamosi 27 Machi

Tumecheza na Yahaya. Kimya. Bega lake limepona, mkono uleule, miguu ileile, lakini mdomo umefungwa. Nami nacheza vibaya kuliko zamani. Nimegundua kwamba nilikuwa nampima kwa matusi yake: alipovuta pumzi kusema nilijua fimbo haiji, alipomaliza neno nilijua inakuja. Sasa ni kama kucheza bila chapuo. Mwalimu anatikisa kichwa.

Alhamisi 1 Aprili

Uzi wa fimbo yangu umelowa na kukauka masika yote, fundo limekuwa gumu kama kokoto. Ruthu anasema hata nikifunguliwa sitafunguka.

Jumapili 4 Aprili

Jana ilikuwa Maulidi. Naandika kichwa kikiniuma, na nitaeleza kwa nini.

Baada ya kusoma na kula pilau, mchana, watu walijaa uwanjani hadi nje ya ua. Hata yule mzee wa kanisa nilimwona ng'ambo ya miiba, anajifanya anapita njia. Zumari ikalia. Wakaingia wengine, wakatoka. Mwalimu akaita, "Yahaya. Sila."

Tukaingia, tukagusanisha fimbo, tukazunguka. Kimya. Uso wa Yahaya ulikuwa wa mtu aliye msibani. Alinijia chini, nikakinga. Alinijia kushoto, nikachelewa, ikanipita sikio. Sikuwa na hasira hata chembe. Nilikuwa na upweke. Nikaona kwamba nitaguswa wakati wowote, nitaufunga mchezo huu nikiwa nimenyamaziwa, Mwalimu atahama, na mtu pekee mjini anayejua sauti ya baba yangu atakuwa ananiita ndugu yangu mpaka tuzeeke.

Basi nikafungua mdomo. Sijawahi kumtania mtu maishani mwangu.

"Mnyamwezi," nikasema, "babu yako alibeba pembe za watu mpaka pwani, akarudi na nini?"

Fimbo yake ilisita.

"Alirudi na utosi wa bapa," nikasema. "Baba yangu aliugusa. Kasema unafaa kuwekea chungu."

Kicheko kililipuka. Yahaya akauma mdomo. Nikamzunguka. "Na yule beberu niliyekulipa, hukujua? Alikuwa mgonjwa. Tungemtupa."

Niliona mashavu yake yanacheza. Tuligonganisha fimbo mara mbili, tatu, chapuo likatushika, na miguu yangu ikawa inajiendea yenyewe. Sijawahi kucheza vile. Nikamwambia, "Sema basi, mtumwa wangu. Au nyuki wamekula ulimi?"

Yahaya akashusha bega la kushoto. Akaanza kujikongoja, palepale duarani, fimbo imekuwa mkongojo. Akanitazama kwanza, ananiuliza kwa macho, nami nikatikisa kichwa kukubali. Kho, kho. Akavuta pumzi. "Hmm." Kisha kwa sauti ileile ya Baba akasema, "Unapura uwele, mwanangu."

Nikacheka. Nilicheka mpaka macho yakajaa maji, na Baba alikuwa pale kando ya ua, nasema kweli. Mikono ikashuka. Yahaya ni Yahaya. Akanigonga utosi, ko, sauti ikasikika mpaka barabarani.

Chapuo likakatika. Watu wakasema "aaa," nami nikakaa chini nimeshika kichwa, bado nacheka. Nimetoka, nikajua. Nimeguswa mbele ya mji mzima. Nikaweka fimbo chini nikasimama ili niende kwenye safu.

"Unakwenda wapi?" akasema Mwalimu Bashiri.

"Nimeguswa, Mwalimu."

"Umeguswa, ndiyo, nani asiyeguswa. Mimi nimekuuliza habari za kuguswa?" Akageukia watu. "Kuna aliyemwona huyu amekasirika?"

Hakuna aliyejibu, ila Ruthu, kutoka upande wa wanawake: "Leo la."

Mwalimu akaokota fimbo yangu, akashika fundo. Kidole hakikuingia. Akajaribu kucha, akajaribu tena, watu wakaanza kunong'ona. Mwishowe akampa Yahaya. "Mtani wake amfungue. Mimi mikono imezeeka."

Yahaya akatia mshiko mdomoni, akatafuna uzi kama mtu anayetafuna mfupa, akautema chini. "Una chumvi," akasema. "Wagogo hata uzi mnautolea jasho."

Jumatatu 12 Aprili

Sikukuu ya Pasaka ilikuwa jana. Leo Mwalimu Bashiri ameondoka na punda wawili na masufuria ya mkewe kwenda Gulwe. Alinipa chapuo. Hakunipa maneno, alisema amekwisha kuyamaliza yote kwa magoti yangu. Nilimsindikiza mpaka korongoni nikarudi uwanjani, nikaufagia.

Mvua imekatika. Uwele wa Baba umekomaa, Gideoni ananiita tukavune.

Yahaya anakuja asubuhi zote sasa kunisaidia kufundisha, akiwa na nafasi, na akiwa hana nafasi anakuja kula. Hodi hapigi. Anasimama nje ya ua: kho, kho, kisha anavuta pumzi. Na Ruthu, akiwa jikoni, hata hainui kichwa, anasema, "Karibu, Baba," na kuongeza maji ya uji.